Kumbukizi ya Profesa John Mbiti: tuseme nini, na tusikosee wapi?

KatibuKamati

Shalom wapendwa. Sisi ni kamati ya wanafunzi wa theolojia, tunaandaa jioni ya kumkumbuka marehemu Profesa John Samuel Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya. Tuna saa mbili tu na ukumbi wa kanisa unaochukua watu 60 hivi. Nusu watakuwa wanafunzi, nusu wazee wa usharika ambao hawajawahi kumsoma. Kila kitu kitakuwa kwa Kiswahili.

Tumekwama mahali patatu. Kwanza wasifu: kila tunakosoma, maelezo yanapishana. Pili, fundisho lake la Sasa na Zamani: tunalielezaje kwa watu wanaoyatumia maneno hayo kuanzia asubuhi hadi usiku kwa maana nyingine? Tatu, tumepata wazee wawili waliokaa darasani kwake Makerere, nasi tungependa kuwarekodi. Simu inatosha? Bajeti yetu ni ya chai na mandazi.

Mhariri_Tanzia

Naanza na wasifu. Usizidi dakika 7. Kwa msomaji asiyekimbia, hizo ni kurasa tatu hivi zilizochapwa kwa nafasi mbili, basi. Wasifu wa robo saa huua jioni kabla haijaanza.

Mambo ya kushika: alizaliwa 30 Novemba 1931, Mulango, Kitui. Alisoma Shule ya Upili ya Alliance, akaenda Makerere akamaliza 1953, kisha Barrington College huko Rhode Island, Marekani. Udaktari aliupata Cambridge mwaka 1963. Alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, akaongoza Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, karibu na Geneva, hadi 1980. Baada ya hapo alikuwa mchungaji wa usharika katika mji wa Burgdorf, Uswisi, huku akifundisha Chuo Kikuu cha Bern. Alifariki Oktoba 2019.

Sasa makosa. La umri ndilo la kawaida kuliko yote: watu hutoa 1931 katika 2019 wakapata 88. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo alikuwa na 87. La pili ni kumwita mwanafalsafa mtupu kwa sababu ya jina la kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy. Udaktari wake ulikuwa wa Agano Jipya, na hilo libebe uzito katika wasifu, maana kila alichoandika baadaye kinasimama hapo. La tatu ni dhehebu. Alilelewa katika Africa Inland Church (AIC), akapewa upadre katika Anglikana, akatumika katika kanisa la Kireformati la Uswisi. Mkimwita tu "mchungaji wa AIC" mtakuwa mmemkata miguu.

Na tafadhali, yale maneno "niko kwa sababu tuko, na kwa kuwa tuko, basi niko" msiyachape kwenye programu kama "methali ya Kiafrika". Ni sentensi aliyoitunga Mbiti mwenyewe, katika sura ya 10 ya kitabu hicho. Mtu akimkumbuka mwalimu huku akimnyang'anya maneno yake, hapo pana kasoro.

Mwl_wa_Agano

Ndugu Katibu, swali la pili ndilo kiini cha jioni yenu. Mkilipatia, mengine yatajipanga.

Tatizo lenu linatokana na lugha yenyewe. Mbiti aliazima maneno ya Kiswahili, akayapa kazi mpya. Msikilizaji wenu akisikia "sasa" anafikiri dakika hii. Sasa ya Mbiti ni pana: inashika mambo yanayotukia, yaliyotukia karibuni, na yale ambayo yako mlangoni kabisa kutukia. Zamani yake nayo si "hapo kale" tu. Ni bahari ambamo kila tukio huishia, na zinapokutana hakuna ukuta kati yake na Sasa. Kwa hiyo yaandikeni kwa herufi kubwa kwenye bango, na msemaji aseme wazi tangu mwanzo: leo maneno haya mawili yamekopeshwa kwa mtu mwingine.

Pia ondoeni ile picha ya wakati kama barabara inayokwenda mbele. Kwake tukio huanzia Sasa, likarudi nyuma kuelekea Zamani. Chukueni kamba ya mita 6, itandazwe sakafuni. Fungeni kitambaa mita 1 kutoka ncha moja. Upande mfupi ni Sasa, mrefu ni Zamani. Halafu mtu mmoja asimame kwenye upande mfupi, auangalie ule mrefu. Atakachokuwa nacho mgongoni, yaani wakati ujao wa mbali, ni kipande kidogo mno cha kamba. Wazee hushika jambo hili kwa macho kabla ya masikio.

Ushahidi wake mkubwa ni vitenzi vya Kikamba. Alipanga nyakati 9 katika jedwali, na tatu tu kati yake ni za wakati ujao. Alisema hazivuki miezi 6, zikivuka sana ni miaka 2. Hapa ndipo waandaaji wengi hujikwaa: wanajaribu kuonyesha jedwali hilo kwa Kiswahili. Haiwezekani. Sisi tuna -ta- moja, inabeba kesho na siku ya kiyama kwa mzigo uleule. Na mzee mmoja lazima atainuka aseme, "Mbona tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo?" Jibu lake: hizo ni siku nne, bado ziko ndani ya Sasa. Akisema "akhera", mwambieni neno hilo limetufikia kwa Kiarabu, na Mbiti alikuwa anachambua Kikamba na Kikuyu, si lugha ya pwani. Mleteni Mkamba mmoja atamke mifano mitatu, inatosha.

Kisha zoezi moja la dakika 4. Waulize watu: nani hapa analijua jina la babu yake? Mikono yote itainuka. Baba wa babu? Itapungua. Babu wa babu? Itabaki michache. Kwa Mbiti, aliyekufa anabaki katika Sasa maadamu yupo mtu aliyemjua akiwa hai na bado anamtaja kwa jina. Huyo ndiye aliyemwita mfu aliye hai. Akiondoka mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani. Alikadiria vizazi vinne au vitano. Lakini angalieni: kwenye koo zinazokariri nasaba, mikono haitashuka, na zoezi litawaharibikia. Swali lenu liwe "nani alimwona kwa macho?" Kulijua jina kwa kukaririshwa si kumkumbuka mtu.

Nukta ya mwisho. Msitafsiri "living-dead" kuwa mizimu. Kwa wazee wa kanisa neno hilo lina harufu ya tambiko, na nusu ya ukumbi itafunga masikio. Semeni "wafu walio hai". Na Mbiti mwenyewe alipinga kuita jambo hili ibada ya mababu: chakula na kinywaji wanachotengewa alivisoma kama alama za ushirika wa jamaa.

MamaMwinjilisti

Asante Mwalimu, ila nina wasiwasi. Hoja hiyo ya wakati ujao imepingwa sana. Byang Kato, mwanatheolojia wa Nigeria, aliishambulia kwa upande wa uinjilisti, na Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, akaonyesha kwamba Kiakan, lugha ya kwao, kina maneno ya wakati ujao wa mbali. Je, tuyalete hayo kwenye kumbukizi? Msiba una adabu yake.

Mwl_wa_Agano

Mama, huu si msiba wa matanga, ni kumbukizi ya msomi. Kunyamazia hoja zake ni kumfanya sanamu. Lakini umesema kweli kwamba lazima pawe na kipimo. Dakika 5, mpinzani mmoja, siyo watano. Ningemchagua Gyekye, kwa sababu hoja yake inaeleweka bila kusoma vitabu vitatu kwanza: ushahidi wa lugha mbili hauwezi kubeba bara zima. Hilo kila mtu analipima mwenyewe. Kato muachieni darasa, maana ugomvi wake ni wa wokovu na dini za asili, na mkiufungua saa mbili hazitatosha hata salamu.

Na hoja hiyo isiwekwe mwishoni. Ikae katikati, baada ya kamba. Ikiwa mwishoni watu watakwenda nyumbani na hukumu badala ya mtu.

KatibuKamati

Tumeelewa, asanteni sana. Na usomaji wa Biblia je? Tulifikiria Zaburi ya 23, ndiyo iliyozoeleka.

Mwl_wa_Agano

Zaburi ya 23 ni ya kila mtu. Tafuteni andiko linalomhusu yeye.

Tasnifu yake ya Cambridge, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1971, ilichunguza jinsi mafundisho ya Africa Inland Mission, misheni iliyozaa AIC, yalivyopokewa Ukambani. Alichukua alama moja moja: moto, hazina, mji, chakula, machozi, mbingu. Aliona kwamba zilifundishwa kama vitu vya kushikika, na waumini wakazipokea hivyohivyo. Basi someni Ufunuo 21:1–4. Mji umo, machozi yamo, "naye atafuta kila chozi katika macho yao." Mkomee aya ya 4. Mkifika aya ya 8 mnaingia kwenye ziwa la moto, na hiyo ni mada ya jioni nyingine.

Isomwe mara mbili: kwanza Kiswahili cha Biblia ya Union, halafu Kikamba katika Agano Jipya alilolitafsiri Mbiti mwenyewe kutoka Kiyunani, lililotoka 2014. Mtu aliyeanza kazi kwa kuuliza Wakamba walisikia nini wakisomewa "mji" alimaliza akiwatafutia neno kwa mkono wake. Huo peke yake ni wasifu.

Jambo la kiufundi: Kikamba kina ĩ na ũ zenye alama juu, na ni vokali tofauti na i na u. Mkinakili andiko kwenye simu kisha mkalichapa kwa fonti isiyo nazo, alama zitadondoka au vitatokea visanduku, na msomaji atajikwaa mbele za watu. Pigeni picha ukurasa wenyewe, au mchape na kuhakiki herufi kwa herufi. Msomaji apewe andiko wiki moja kabla, kwa herufi za ukubwa wa pointi 16.

FundiSauti

Niingie kwenye rekodi. Simu inatosha kabisa, kinachoharibu ni mahali. Msiwarekodi ukumbini siku ya tukio: kuta tupu, bati, watoto, vikombe. Warekodini nyumbani kwao siku chache kabla, chumba chenye makochi na mapazia, maana vitambaa hunywa mwangwi. Zimeni feni na jokofu. Jokofu huwa halisikiki chumbani, ila kwenye rekodi linanguruma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wekeni funguo za gari ndani ya jokofu, hamtasahau kuliwasha tena mkiondoka.

Simu iwekwe hali ya ndege, ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya taulo lililokunjwa, siyo mezani moja kwa moja. Kila mzee akigonga meza kusisitiza, simu inapigwa ngumi. Programu ya kurekodi iwekwe WAV, aina ya faili isiyobana sauti, kama inaruhusu. Saa moja ya WAV ya chaneli moja hula takriban MB 300, hivyo angalieni nafasi kwanza. Rekodini dakika 1 ya majaribio, msikilize kwa vipokea sauti, ndipo muanze. Mzee wa miaka 75 huchoka baada ya dakika 45. Simamisheni hapo, hata kama hadithi ni tamu.

Maswali yasiwe "Profesa alikuwa mtu wa namna gani?" Mtapata "alikuwa mtu mwema", mwisho wa habari. Ulizeni: alikuwa anaingia darasani na nini mkononi? Alisahihishaje insha? Alimjibu vipi mwanafunzi aliyembishia? Mtu akijibu hayo, tabia ya marehemu hujitokeza yenyewe.

Idhini ichukuliwe kwa maandishi na pia kwa sauti mwanzoni mwa rekodi: jina la mzee, tarehe, mahali, na kama anaruhusu isikilizwe hadharani. Kisha nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja kwa familia ya mzee. Msitumiane kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inabana sauti hadi inakuwa kama ya bomba. Kama lazima, itumeni kama faili.

KatibuKamati

Tunaanza na nani? Mmoja anakaa karibu, mwingine ni safari ya saa tano.

FundiSauti

Anzeni na mwenye umri mkubwa zaidi, hata kama ndiye wa mbali. Kwa hesabu ya Mwalimu hapo juu, yeye ndiye anayemshikilia Profesa katika Sasa. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la ukoo, bila nafasi katikati. Na betri iwe 100.