Kwotabeki anayepoteza mpira kila wiki: tatizo ni mkono, macho au miguu?

YadiTisini aliuliza:

Wakuu, naomba tujadili kwa kina jinsi makwotabeki (wale wanaorusha pasi) wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, wanavyopoteza mpira. Mfano wangu ni Jameis Winston akiwa Tampa Bay msimu wa 2019: pasi 626, yadi 5,109, tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) 33, pasi zilizonaswa na wapinzani 30. Saba kati ya hizo 30 wapinzani walizirudisha moja kwa moja hadi tachidauni. Mwaka uliofuata akaingia Tom Brady. Kocha ni yuleyule Bruce Arians, wapokeaji wakuu ni walewale Mike Evans na Chris Godwin, na falsafa ni ileile ya kurusha mbali. Brady akarusha pasi 610, tachidauni 40, zilizonaswa 12. Yaani kutoka asilimia 4.8 hadi 2.0, na kombe wakabeba.

Uamuzi unaharibika katika hatua gani hasa? Na mtazamaji atajuaje kama pasi iliyonaswa ni kosa la kwotabeki au la mtu mwingine?

MachoKwaSefti alijibu:

Mkuu, mkono uondoe kwenye orodha. Mwenye mkono dhaifu hafiki NFL. Pasi nyingi zinazonaswa huanza kuharibika kabla mpira haujatoka kwa senta, anayeanzisha mchezo kwa kumpa kwotabeki mpira, na zilizobaki huharibika kwa sababu ya kuchelewa.

Kabla ya mchezo kuanza, kwotabeki anahesabu sefti, wale mabeki wa nyuma kabisa. Wakiwa wawili juu, katikati ya uwanja huenda pakawa wazi. Akiwa mmoja, katikati pamefungwa na nafasi zipo pembeni. Ulinzi wa siku hizi unajua kwamba anahesabu, kwa hiyo unamwonyesha wawili, halafu mpira ukitoka tu mmoja anashuka kwa kasi hadi yadi 10 au 12 katikati na kusubiri pale. Aliyekwisha kuamua kichwani kwamba "katikati pako wazi" anamrushia sefti huyo kifuani. Mtazamaji anashangaa: kwani hakumwona? Hakumwona kweli, kwa sababu hakurudi kumtazama. Dawa yake ni kwamba katika hatua ya kwanza ya kurudi nyuma macho yaende kwa sefti, kuthibitisha kama picha ya mwanzo bado ni ileile. Mpokeaji atatazamwa baadaye.

Kisha miguu, ambayo ndiyo saa ya kwotabeki. Kila njia ya mpokeaji imefungwa na idadi ya hatua. Chukua mchezo wa hatua tano: mguu wa nyuma ukikita chini hatua ya tano, mpira uende kwa chaguo la kwanza. Hayupo wazi? Hatua ndogo moja mbele, chaguo la pili. Hatua ndogo nyingine, la tatu. Baada ya hapo ni pasi fupi kwa mkimbiaji aliye karibu, au mpira utupwe nje. Anayeharibu ni yule anayefika chaguo la tatu kisha anarudi kwenye la kwanza. Njia ile ilikuwa wazi sekunde moja iliyopita, na sasa beki ameshaisoma.

Na gharama ya kuchelewa inapimika. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi. Mpira ukianzia kwenye alama za ndani za kushoto, hadi mstari wa pembeni wa kulia ni karibu yadi 30. Mpokeaji akikata kwenda nje kwa yadi 12, na kwotabeki amesimama yadi 7 nyuma, pasi hiyo inasafiri yadi 33 hivi angani kwa faida ya 12. Inakaa hewani zaidi ya sekunde moja. Konabeki, yaani beki wa pembeni, anayekimbia yadi 8 kwa sekunde akipewa theluthi moja tu ya sekunde ya ziada anapata zaidi ya yadi mbili, na hapo anafika mbele ya mpokeaji akiwa ameuelekea uwanja mtupu. Ndiyo maana pasi za aina hiyo zikinaswa huishia tachidauni.

Dauni_ya_Tatu alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila kwenye swali la pili watu huhukumu kwa kuangalia matokeo, na hapo ndipo wanapokosea.

Chukua Super Bowl, fainali ya NFL, ya 1 Februari 2015. Seattle wako nyuma 28-24 dhidi ya New England, yadi 1 kutoka mstari wa tachidauni, zimebaki sekunde 26. Kwotabeki wao Russell Wilson anarusha kwa Ricardo Lockette, Malcolm Butler wa New England ananasa, mechi imekwisha. Pasi haikuchelewa, na ilikwenda palepale mchezo ulipoielekeza. Kilichovunjika ni kitu kingine: Jermaine Kearse alitakiwa kumzibia Butler njia, lakini Brandon Browner alimkamata Kearse palepale alipoanzia, Butler akapita bila kuguswa. Unaweza kulaumu uchaguzi wa mchezo, na unaweza kusema pasi ingekuwa chini kidogo. Macho ya kwotabeki, hapana.

Linganisha na Brett Favre akiwa Minnesota dhidi ya New Orleans Saints, 24 Januari 2010. Sare 28-28, sekunde 19, dauni (jaribio) ya tatu na yadi 15 za kufikia, mpira uko yadi ya 38 ya Saints. Anakimbilia kulia, mbele yake kuna nafasi ya kukimbia yadi kadhaa na kumsogezea mpira karibu yule anayepiga kwa mguu kutafuta pointi. Badala yake anageuza mkono na kurusha kurudi katikati, kinyume na mwili unakoelekea. Tracy Porter ananasa, Saints wanashinda muda wa nyongeza. Hiyo ni ya kwotabeki peke yake. Ukikimbia upande mmoja na kurusha upande mwingine bila miguu kukita, mpira unapoteza kasi na kuelea, tena unaelea kule kwenye walinzi wengi zaidi.

Ukitaka kuhukumu kwa haki, tafuta video ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, maana kamera ya kawaida inawaficha sefti. Simamisha pale mguu wa nyuma unapokita. Nani alikuwa wazi wakati huo? Mpira ulitoka lini? Mpokeaji alikata pale alipotakiwa? Uligonga mikono yake kwanza? Kama aliyekuwa wazi hakurushiwa, au alirushiwa kwa kuchelewa, laumu kwotabeki. Mpira ukidunda kwenye mikono ya mpokeaji na kuangukia kwa beki, takwimu itamwandikia kwotabeki hivyohivyo, lakini wewe usimwandikie.

MikonoMiwili alijibu:

Mbona mpira unaodondoshwa umesahaulika? Huo nao ni uamuzi.

Kwotabeki akiwa ndani ya poketi, eneo linalokingwa na walinzi wake wa mstari, mikono miwili ibaki kwenye mpira, usawa wa kifua, hadi anapoanza kurusha. Akitoa mkono mmoja ili "apime" pasi, mpinzani anayetoka nyuma ya bega haangaiki na mwili. Anapiga mkono tu. Na kina cha poketi kina maana kubwa. Mlinzi wa pembeni wa mstari, mwenzake anayemkinga, hujaribu kumzungusha mpinzani wake apite nyuma ya kwotabeki. Kwotabeki akirudi hadi yadi 10 au 11, anajipeleka mwenyewe kule mpinzani anakozungushwa, halafu lawama inamwangukia mlinzi. Anachotakiwa ni kupanda mbele hatua moja au mbili, si kukimbilia nyuma.

Kutupa mpira nje nako kuna masharti. Awe ametoka nje ya eneo la walinzi wake wa mstari, na mpira ufike angalau mstari wa kuanzia mchezo. Vinginevyo, akiwa amebanwa na hakuna mpokeaji karibu na mpira, kwa kawaida ni adhabu ya yadi 10 na dauni inapotea, na akifanya hivyo ndani ya eneo lake la mwisho, wapinzani wanapewa pointi 2.

YadiTisini:

Nimeelewa. Basi aliye bora ni mwenye pasi chache zilizonaswa?

MachoKwaSefti:

Hapana, mkuu. Mwaka 2018 Aaron Rodgers alinaswa mara 2 tu katika pasi 597, na Green Bay wakamaliza na ushindi 6, vipigo 9 na sare 1. Anayetupa nje kila penye shaka anaua mashambulizi yake mwenyewe taratibu, na takwimu ya pasi zilizonaswa haionyeshi hilo.

Hatari inategemea pia mahali na wakati. Dauni ya tatu na yadi 18, pasi ya yadi 45 ikinaswa na beki akaangushwa palepale, hasara yake haizidi sana mpira ambao ungepigwa kwa mguu dauni inayofuata. Lakini dauni ya kwanza ndani ya yadi 20 za wapinzani, ambapo pointi 3 za kupiga mpira golini kwa mguu karibu ziko mkononi, pasi hiyohiyo haifai kujaribiwa kama beki yuko ndani ya hatua mbili. Kwa hiyo unapohesabu za kwotabeki wako, andika pembeni dauni, yadi zilizobaki, matokeo na saa.