Mti wa msolo wa babu na mafundisho ya shamani: je, ni jambo moja?

Mjukuu wa Masasi ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa walio rika langu. Ninaandika kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Masasi kuhusu jambo ambalo limenikosesha raha tangu msimu wa korosho uliopita.

Katika shamba la ukoo wetu, upande wa mama, upo mti wa msolo ambao babu alikuwa akitambikia. Nilikuwa na miaka tisa aliponichukua kwa mara ya kwanza. Alipiga magoti, akachota unga mweupe wa mtama kutoka katika kibakuli cha udongo, akawa anaumwaga kidogo kidogo kwa ncha za vidole mahali pamoja, huku akitaja majina ya waliotangulia, mpaka unga ukasimama kama kichuguu chenye ncha. Akaufunika kwa chungu, tukarudi nyumbani kimya. Kesho yake, kabla ya jua kutoka, alikifunua chungu na kukuta unga haujabomoka, ndipo mjomba akaruhusiwa kufunga safari yake. Sikuelezwa maana ya yale niliyoyaona, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Mwaka jana, nikiwa Mtwara mjini, nilialikwa katika kikao cha watu wanaofundisha kile wanachokiita hekima ya shamani, yaani mganga anayesemekana kusafiri kwa roho. Tulikaa duara, na katikati yetu palikuwa na mshumaa unaowaka, bakuli la maji, fungu la udongo na unyoya wa ndege uliosimama badala ya upepo. Ngoma ilipigwa kwa mdundo mmoja usiobadilika, tukaambiwa tufumbe macho na kutambua kwamba sisi na vitu vyote ni kitu kimoja. Nililia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Hata hivyo nilipomweleza mwalimu wetu habari za msolo, alinijibu kwamba siuhitaji mti huo, kwa kuwa moto, maji, upepo na udongo vimo ndani yangu tayari.

Sasa mjomba anataka kuukata mti ili apande mikorosho mipya, na hoja yake inafanana na ya mwalimu yule, kwani anasema Mungu yuko kila mahali. Naomba mnisaidie: je, alichofanya babu na nilichofundishwa mjini ni jambo moja lenye majina mawili?

Mwalimu mstaafu, Kilwa:

Marahaba, mjukuu wangu. Nitaanza na neno lenyewe, kwa sababu neno likikosewa na jambo lenyewe hupotea. "Shamani" ni neno la Waevenki wa Siberia, huko kwenye theluji, na wataalamu walilichukua wakawapachika waganga wa dunia nzima. Ngoma ya mdundo mmoja uliyoisikia inaelekea kutokana na mafundisho ya Michael Harner, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na Washuari wa Ekwado na Wakonibo wa Peru, kisha akatengeneza njia ya kufundishia ambayo aliiondolea mila za kabila lolote ili kila mtu aweze kuifuata. Siilaumu nia yake. Lakini kitu kilichoondolewa wenyewe, mahali pake na majina ya wafu wake hakiwezi kuwa sawa na unga wa babu yako.

Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Shamani, kama anavyoelezwa, huiacha roho yake itoke mwilini na kusafiri. Huku kwetu, mwenye pepo hasafiri, bali pepo humpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake. Babu yako hakufanya hili wala lile. Hakusafiri wala hakupandwa, na kwa maelezo yako hakuwa hata mganga. Alikuwa mkubwa wa ukoo aliyesimama mbele ya wakubwa wake na kuwasemea walio hai, akisubiri jibu usiku kucha.

Kuhusu umoja nina la kusema, kwa kuwa mimi ni Mmatumbi na umoja wa maji ulianzia kwetu. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, baada ya kuingiwa na pepo Hongo, aliingia katika kidimbwi cha mto na watu wakasimulia kwamba alitoka kesho yake nguo zake zikiwa kavu. Watu wa koo na makabila yaliyokuwa hayasalimiani walimwendea kwa miguu kupokea maji yaliyochanganywa na mbegu za mtama, na walirudi makwao wakiwa na miiko ya kushika. Julai 1905 wazee wetu waling'oa pamba huko Nandete na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti, kabla vita havijafika mbali. Maji hayakuzuia risasi, na tukisema vinginevyo tutawadanganya wajukuu. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Lakini umoja wenyewe ulikuwapo, na haukutokana na kufumba macho. Ulitokana na kutembea, kushika mwiko na kumwita ndugu mtu ambaye jana ulikuwa unamkimbia. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo mafundisho ya mjini yanapopungukiwa, kwa sababu hayakukudai ufanye kitu kwa ajili ya mtu yeyote.

Binti wa Newala:

Shikamoo mwalimu. Kwako mwulizaji, pole kwa mzigo huo.

Hesabu ya vitu vinne ni ya Wayunani wa kale, nayo ilifika pwani yetu kupitia elimu ya Waarabu muda mrefu kabla ya walimu hawa wa sasa. Ndiyo maana mpaka leo mnajimu wa Lindi au Mikindani akikupigia hesabu ya jina lako na la mama yako atakuambia kama nyota yako ni ya moto, ya maji, ya upepo au ya udongo. Kwa hiyo si ngeni, ila nadhani si namna ambayo wazee wetu wa bara walivyogawa ulimwengu. Sisi Wamakonde tunasimuliwa kwamba kiumbe wa kwanza aliishi peke yake porini, hana mwenzake, hajawahi kuoga, akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti na kuisimamisha, nayo ikapata uhai usiku. Walioga katika mto Ruvuma, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahama, wa pili naye akazaliwa mfu. Walipopanda juu ya uwanda wetu hadi Mahuta, wa tatu akaishi. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliiandika hadithi hiyo, lakini mimi niliisikia kwa bibi tukimenya mihogo.

Tazama jinsi maji yalivyo ndani yake. Hayasifiwi kwa jumla. Bondeni yana mauti, na juu hayapo kabisa, kiasi kwamba mama zetu waliteremka ukingo wa uwanda na kupanda tena na mtungi kichwani ili watoto waishi mahali pakavu. Anayeyajua maji namna hiyo hawezi kusema tu kwamba yamo ndani yake, kwa sababu shingo yake inakumbuka uzito wake.

Upepo nao ni vivyo hivyo. Wewe ni mtu wa korosho, basi unajua salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, hupulizwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande ili unga ushike, na kabla kusi haijaamka. Baba yangu hulowesha kidole, hukiinua, husikiliza, kisha ama hutuambia tuwashe mashine ama turudi kulala. Siku akikosea, salfa yote huenda kwa jirani na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unabaki kwetu. Kwa maoni yangu, kidole kile kilicholowa kina elimu ya upepo kuliko unyoya uliowekwa sakafuni, na ninasema hivyo bila kuyadharau machozi yako.

Jambo moja la mwisho. Mikorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Nenda ukapime. Kama msolo umesimama peke yake, mjomba wako anaugombania mkorosho mmoja tu, pengine miwili.

Abu Salim, Lindi:

Ndugu yangu, nitasema kwa uwazi kwa sababu ninakutakia heri. Kumwomba maiti haja ni shirki, na hilo halibadiliki kwa kuwa mwombaji ni babu tunayempenda. Lakini kuwaombea waliotangulia ni wema, na sisi tunawasomea khitma na kuwatolea sadaka kwa majina yao. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Anbiyaa kwamba kila kilicho hai kimetokana na maji, basi asiyeyaheshimu maji na miti hajamsikia vizuri Muumba wake. Wenzetu Wakristo wa hapo hapo Masasi walipitia swali lako zamani, Askofu Vincent Lucas alipoiingiza jando katika kanisa badala ya kuipiga marufuku. Mti usiuabudu, na wala huna sababu ya kuukata.

Mjukuu wa Masasi amerudi:

Ahsanteni sana. Nimesoma majibu yenu mara tatu, na ya mwalimu nimemsomea mama.

Nimepima. Msolo uko pembeni, karibu na mpaka, na kivuli chake kinachukua nafasi ya mkorosho mmoja. Nilimpelekea mjomba kipimo hicho bila maneno mengi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: hajawahi kuuchukia mti, bali tangu babu afariki hakuna anayeyajua majina yote kwa mpangilio wake, na yeye anaona aibu kupita chini ya mti huo kila siku kama mtu anayepita mbele ya wakubwa bila kuamkia. Alidhani ukikatwa aibu hiyo itakwisha.

Abu Salim, nimelipokea neno lako, na tumekubaliana na mjomba kwamba majina hayo, yakipatikana, yatasomwa kwanza katika khitma. Litakalofuata chini ya mti ataliamua yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu.

Mpaka sasa tumepata majina saba. Dada wa bibi anaishi Tunduru na inasemekana anayajua mengine, ila hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo nitasafiri Jumamosi nikamwandikie mbele yake. Kama kuna mtu wa Nachingwea mwenye mtama mweupe wa zamani, ule wa kutwanga, naomba anijulishe, maana huku tumebaki na unga wa mahindi wa mashine tu.