Tupeane uzoefu: manati katika kuamia ndege na kufukuza tumbili mashambani

Mtoa mada (Kilombero)

Ndugu wanajamvi, habari za mashamba. Msimu uliopita kibarua wangu aliondoka mpunga ukiwa ndio kwanza unatia maziwa, nikalazimika kujifunza manati ukubwani ili niamie ndege mwenyewe katika ekari mbili. Panda niliichonga kwenye mpera, mipira niliikata kwenye tyubu ya baiskeli kwa upana wa kidole, na ngozi ni ulimi wa kiatu kikuukuu. Wiki nzima sikugusa hata debe lililokuwa hatua kumi na tano. Shabaha ilikuja nilipozoea kuvuta hadi mahali palepale shavuni kila mara.

Kosa langu kubwa lilikuwa kupiga kwa kokoto. Sehemu ya mpunga ilikuwa imelala, tukaukata pamoja na kokoto zilizonasa humo, na siku ya kupura nikaziona kwenye turubai katikati ya punje. Nilipepeta, lakini nyingine zilifika hadi kwenye mchele, na mnunuzi akashusha bei mbele yangu. Sasa ninafinyanga vidonge vya udongo wa kichuguu na kuvikausha kivulini, kwa sababu vikianguka majini huyeyuka. Wenzangu mmejifunza nini?

Mkulima wa mtama (Dodoma)

Hongera, ndugu yangu, ila usiitegemee manati dhidi ya kwelea kwelea. Ndege mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege 100,000 linaweza kumaliza tani nzima. Mimi hupanda dunguni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kuwawahi watangulizi wachache kabla hawajatua, kwani wakishatua wengine huwafuata. Kundi likishaingia, hata watu watano wenye manati hawaliondoi. Mkiona malalo yao, mwarifuni afisa ugani mapema, na malalo yakishapuliziwa sumu msiwaokote ndege waliokufa kwa ajili ya kitoweo.

Mama wa mahindi (Lushoto)

Wanangu, kwangu adui ni tumbili. Wakimwona mume wangu walikuwa wakikimbia, lakini wakiniona mimi waliendelea kumenya hindi huku wakinitazama. Tangu nishike manati wameniheshimu, ingawa sijawahi kumlenga hata mmoja mwilini. Ninapiga shina la mgomba lililo karibu naye, likitoa mlio mzito, naye huruka na kundi zima humfuata. Tukumbuke kwamba hao ni wanyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kuwawinda bila kibali ni kosa.

Jambo ninaloomba mlizingatie sana ni mipira. Nilikuwa nikiitundika manati juani ukutani, mpira ukapasuka nyufa ndogo karibu na fundo nami sikuzikagua. Nilipovuta, ulikatika ukanichapa chini kidogo ya jicho, na kwa siku tatu jicho hilo halikufunguka. Mjukuu wangu alikuwa amesimama ubavuni pangu. Sasa kila asubuhi ninaivuta mipira taratibu mbali na uso na kuitazama kwenye mwanga, na mtoto haruhusiwi kusimama karibu nami wala mbele yangu.

Mtoa mada

Shikamoo mama, na pole sana. Nimetoka kuitazama ya kwangu sasa hivi: ina ufa karibu na ngozi, upande wa kushoto. Nitakata mipira mipya leo, yote miwili.