Mama anataka kuona kondoo wa Uingereza, nimpeleke wapi?

Binti_Kinangop: Habari zenu wadau. Aprili nasafiri na mama kumtembelea dada yangu Manchester. Nakaa Kasarani, lakini mama amefuga kondoo Kinangop tangu nikiwa mdogo, na amesema wazi kwamba London haitaki, anataka kuona wafugaji wenzake. Ana miaka 67 na magoti yanamsumbua kwenye mteremko. Tuna siku mbili.

Zizi_Umoja: Dada, nendeni Near Sawrey, kijiji cha Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Nilipokuwa nasomea mifugo nilizalisha kondoo huko msimu mmoja. Treni hadi Windermere, mshuke Bowness, mvuke ziwa kwa feri inayovutwa kwa nyaya.

Hapo ndipo lilipo shamba la Hill Top. Beatrix Potter, mwandishi wa vitabu vya watoto, alilinunua 1905, kisha akawa mfugaji kwelikweli wa kondoo wa Herdwick. Alipofariki 1943 aliiachia National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kihistoria, zaidi ya ekari 4,000. Nyumba ni ndogo, kateni tiketi mapema.

Lakini mama mpeleke nje! Wana wa Herdwick huzaliwa weusi tii, wakikua sufu inakuwa ya kijivu na uso mweupe. Huko juu mlimani kundi halihitaji ua: mwana hujifunza malisho yake kwa kumfuata mamake, na shamba likiuzwa, mara nyingi kondoo hubaki na mlima wao. Huku chini kuna kuta za mawe zisizo na saruji. Nilijenga kama mita moja asubuhi nzima, mzee akaibomoa yote, akanionyesha jiwe refu linalolazwa kukingama ili lifunge pande mbili. Nilikuwa nimelisahau.

Mji mdogo wa Hawkshead ni kama kilomita 3 kutoka hapo. Kuna shule ya 1585 aliyosoma mshairi Wordsworth, na jina alilochonga kwenye dawati bado lipo.

Binti_Kinangop: Asante sana kaka. Magoti je? Na tutakanyaga shamba la mtu hivihivi?

Mpanda_Ngong: Zungukeni Tarn Hows, ziwa dogo karibu na Hawkshead, njia yake imesawazishwa, kama kilomita 3. Mashambani kuna njia za umma kisheria. Msitoke njiani, na lango mlilolikuta limefungwa mlifunge.

Binti_Kinangop: Nimemsomea mama yote. Anauliza, mwana yatima wanamfanyaje?

Zizi_Umoja: Mwambie mama, wanamvisha ngozi ya mwana aliyekufa, jike aliyefiwa na mwana huyo akinusa anamkubali yatima. Nilifanya hivyo mara mbili. Ya pili, jike alianza kunyonyesha hata sijafunga zizi.