Naomba ushauri: nimpeleke mama Lubiri (ikulu) ya Mengo au Kasubi?

Mwanzisha uzi (Tabata)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi ujao nitakwenda Kampala kwa siku nne pamoja na mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, na binti yangu wa miaka 13. Mama alizaliwa kaskazini ya mto Kagera, na mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia alivuka mto akiwa na mtoto mgongoni. Tangu hapo hajakanyaga Uganda, ingawa bibi yake alikuwa akimsimulia habari za Kabaka, mfalme wa Buganda, tangu akiwa mdogo. Sasa ameomba jambo moja tu: aone alikokaa mfalme. Siku tatu tutakuwa kwenye harusi ya ndugu, hivyo tunabakiwa na asubuhi moja. Magoti yanamsumbua. Je, twende wapi, na je, ni busara kumfikisha Mengo, ambako nasikia yapo mahandaki ambamo Amin alifungia watu?

Mjumbe wa Mbagala

Ndugu yangu, pole na majukumu. Mengo nimefika mara mbili. Jumba lenyewe, Twekobe, wageni hulitazama kwa nje tu, kwa hiyo mama asitarajie kuona vyumba vya mfalme. Kinachovutia ni barabara ya Kabakanjagala, inayotoka lango la Lubiri moja kwa moja hadi Bulange, makao ya bunge la Buganda. Kandokando yake zimesimama sanamu za miiko ya koo, yaani alama ya kila ukoo, na kwenye mzunguko wa katikati ipo njia iliyonyooka ambayo hupitwa na Kabaka peke yake. Wengine wote huzunguka. Mei 1966 jeshi la Obote, mtawala wa Uganda wakati huo, likiongozwa na Amin, lilishambulia Lubiri hiyo, na Kabaka Mutesa II akaruka ukuta, akakimbilia uhamishoni, akafia London mwaka 1969. Binti yako atajifunza mengi.

Shangazi wa Upanga

Mwanangu, kama mama anataka kuona alikokaa mfalme, mpeleke Kasubi. Watu wengi hupaita makaburini, lakini kwanza palikuwa makazi: Mutesa I alijenga ikulu yake pale mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa papo hapo. Kwa desturi Kabaka mpya alihamia kilima kingine, lakini Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II nao walizikwa Kasubi, ndiyo maana pakawa na uzito usiokuwepo kwingine.

Jumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, ni la duara, na nyasi za paa lake zinashuka karibu kugusa ardhi. Ukiinua macho ndani unaona pete 52 za matete, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Mbele yako limening'inia pazia la olubugo, ile nguo ya magome ya mti wa mutuba yenye rangi ya udongo mwekundu, na nyuma yake ndiko walikolala wafalme. Hakuna mgeni anayevuka. Jumba hilo liliungua tarehe 16 Machi 2010, likajengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ulizeni getini kama siku hiyo wageni wanaruhusiwa kuingia ndani.

Zingatia kwamba pale watu wanaishi. Wanawake wanaoshika nafasi ya wajane wa Kabaka hukaa katika nyumba zinazozunguka ua, kwa hiyo unaingia nyumbani kwa watu wenye msiba usiokwisha. Viatu huvuliwa, wanawake huvaa sketi au gauni refu, na wageni huketi chini kwenye mikeka. Kwa sababu ya magoti ya mama, mweleze mwongozaji mapema, kabla hamjafika mlangoni.

Mjumbe wa Mbagala

Nakubaliana na Shangazi. Kuhusu mahandaki, nasema kwa moyo wote: usimpeleke mama bila kumwuliza. Ni vyumba vya zege visivyo na mwanga, na kutani zipo alama za viganja vya waliofungiwa humo. Mimi nilitoka kabla ya kufika mwisho, na siku hiyo sikula tena. Aliyevuka Kagera mwaka 1978 ana haki ya kuamua mwenyewe.

Mwanzisha uzi (Tabata)

Ahsanteni sana. Jana usiku nilimsomea mama majibu yenu. Aliposikia neno olubugo aliniomba nirudie, kisha akasema kwamba bibi yake alizikwa katika nguo hiyo, na kwamba tangu siku ile hajaigusa wala kuiona. Kuhusu mahandaki alisema, "Hayo niliyaona bila kuingia." Tutakwenda Kasubi asubuhi na mapema, na tukirudi tutapita Kabakanjagala bila kushuka garini, ili binti aone sanamu.

Swali moja limebaki: kanga mbili za mama zatosha, au avae kitenge kilichoshonwa?

Shangazi wa Upanga

Avae gauni lake refu, na kanga moja ajifunge kiunoni. Ya pili akunje aweke chini ya magoti.