Je, lipo jina la utani la mwanamume mtu mzima anayevutia ambalo halimpimi kwa pesa zake?

Msaka Maneno anauliza:

Ndugu zangu, ninaomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo linalonisumbua kila ninapoandika au kuzungumza na wenzangu. Mwanamume aliyevuka miaka arobaini na mitano au hamsini, ambaye mvi zimemkaa vizuri, mavazi yake ni nadhifu na mwendo wake ni wa mtu anayejiamini, tunamwita nani tunapotaka kumsifu kwa utani? Wazungumzaji wa Kiingereza humwita mbweha wa fedha (silver fox), fedha ikiwa ni madini na si pesa, wakikusudia rangi ya nywele zake, na sifa hiyo huishia hapo hapo kwenye nywele, uso na haiba. Mwaka 1989 jarida la People la Marekani lilimtangaza Sean Connery kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote walio hai, naye alikuwa na umri wa miaka 59. Mwaka 2023 heshima hiyo ilimwendea Patrick Dempsey akiwa na miaka 57. Kwa hiyo mvuto wa mtu mzima ni jambo linalokubalika wazi, na wenzetu wamelipatia msamiati.

Nikigeukia Kiswahili cha mitaani, sipungukiwi na majina, bali ninasikitika kwamba karibu yote yanatazama mfukoni. Shuga dadi tumelikopa likiwa na maana ya Kimarekani ya tangu miaka ya 1920, yaani mzee anayemlipia msichana gharama za maisha. Sponsa, linalovuma zaidi Kenya, ni mfadhili hata kwa jina. Buzi, ambalo Watanzania wanalifahamu vizuri, ni mwanamume wa kuchunwa, na anayechunwa haulizwi kama ana sura nzuri au mbaya. Pedeshee, ambalo huelezwa kuwa limetokana na herufi PDG za cheo cha Kifaransa cha mkurugenzi mkuu, likatufikia pamoja na muziki wa Kongo, ni mtu wa kumwaga noti mbele ya watu. Katika majina haya yote hakuna hata moja linaloniambia kwamba mwanamume huyo anapendeza. Anaweza kuwa na kitambi, hasira na harufu ya sigara, na bado akaitwa hivyo hivyo alimradi analipa.

Ninauliza kwa dhati kabisa: je, tunalo neno ambalo nimelisahau, au tunalazimika kulibuni?

Binti wa Sheng anajibu:

Kaka, hujalitaja neno ambalo huku Kenya vijana wanalitumia kila siku, nalo ni *mubaba*, ambalo wingi wake ni *wababa*. Ninakubali kwamba mara nyingi mubaba ni yule yule sponsa aliyebadilishiwa jina, lakini ukilisikiliza kwa makini utagundua kwamba limeanza kupanuka. Nimewasikia wasichana wakilitumia kwa mwanamume ambaye hawana habari na mshahara wake, kwa sababu tu ana ndevu zilizochanganyika weusi na weupe, amevaa shati lililopigwa pasi, na anaongea bila haraka. Hapo ni sifa ya mtindo na utulivu.

Umbo lake nalo linafanya kazi. Neno *baba* katika Kiswahili sanifu halina kiambishi cha ngeli, lakini hapa limepachikwa *mu-* inayotamkwa kamili, bila kufupishwa kuwa *m-*, na kwa hiyo linasikika kama neno la ndugu wa bara aliyekuja mjini. Utani wote umo katika silabi hiyo moja. Ulinganishe na *jibaba*, ambalo kwa ukubwa wake linakuletea mtu mnene mwenye kelele, au *kibabu*, ambalo linamdogosha mzee wa watu hata kama ana mvuto wa kusimamisha barabara. Mubaba halikuzi wala halidogoshi.

Tena usiwape wazungumzaji wa Kiingereza sifa kupita kiasi. Mbweha wa fedha ni mnyama wa kweli, yaani mbweha mwekundu anayezaliwa na manyoya meusi yenye ncha nyeupe, na mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa Kanada walitajirika kwa kumfuga kwa ajili ya ngozi yake, ambayo ilikuwa ghali mno. Ninakubali kwamba jina lilitokana na rangi, lakini walichagua rangi ya mnyama mwenye thamani kubwa sokoni. Pesa na mvuto havijawahi kukaa mbali sana, katika lugha yoyote ile.

Mwalimu Asiyechoka anajibu:

Ninawaheshimu wote wawili, lakini ninaomba tusilipite jambo moja kwa haraka. Majina haya yalipata ukali wake kwa sababu maalumu. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kampeni ya redio ya mwishoni mwa muongo wa 2000 iliyomleta Fataki, mwanamume mtu mzima aliyewarubuni wasichana wadogo kwa zawadi na ahadi, na ambaye katika kila kipindi mtu wa karibu aliingilia kati na kumharibia mpango wake. Fataki ni kitu kinacholipuka na kuunguza, na jina hilo lilienea mitaani kwa sababu lilimpa mzazi, kondakta wa daladala au jirani neno moja la kumkemea mtu mwenye umri wa kuwa baba wa binti yule. Si kila neno la lugha hupata bahati ya kumlinda mtoto. Baadaye, katika marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi kuliwekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30.

Ninasema haya kwa sababu jina la utani linaweza kulainisha jambo lisilostahili kulainishwa. Dada aliyenitangulia anasema mubaba limepanuka na kuwa sifa, nami ninaamini masikio yake, ila neno ambalo asubuhi linamsifu mtu nadhifu na jioni linamfunika mtu anayemvizia mwanafunzi ni neno la kutumia kwa uangalifu. Kwa hiyo ombi la muulizaji nina sababu ya kuliunga mkono ambayo yeye hakuitaja: tukipata jina safi la mwanamume mtu mzima anayependeza, itakuwa rahisi kumtenganisha na fataki, na fataki atabaki peke yake na jina lake la aibu.

Mkaazi wa Forodhani anajibu:

Mwalimu amenena, nami nitajaribu kuleta hilo jina safi, kwa kuwa Kiswahili cha Pwani hakijaishiwa.

Tuanze na *mtanashati*, yaani mtu nadhifu anayejua kuvaa na kujitunza. Halina umri, halina pesa, halina uchafu wowote, na mzee wa miaka sabini aliyevaa kanzu iliyonyooka na kofia iliyopigwa wanga anaitwa mtanashati bila mtu kushangaa. *Mlimbwende* lilikuwa na nafasi hiyo pia, lakini mashindano ya urembo yamelivuta upande wa wasichana kiasi kwamba ukimwita mzee mlimbwende leo utahitaji kujieleza. Kasoro ya mtanashati ni kwamba linasifu usafi wa mtu na mavazi yake zaidi kuliko mvuto wenyewe, na tena halitaji umri, jambo ambalo muulizaji analitaka.

Sasa tazameni maneno mawili ambayo sote tunayo na hatuyaweki pamoja. *Shababi* ni kijana mwenye nguvu na uchangamfu. *Shaibu* ni mzee, na asili yake ya Kiarabu ni kule kuota mvi. Kumbe tulikuwa na jina la nywele nyeupe siku zote, bila kumhitaji mbweha wa mtu. Tatizo la shaibu ni kwamba limezoea kuandamana na ajuza katika hadithi, na likitamkwa peke yake linakuletea mkongojo na kikohozi. Ndiyo maana ninapendekeza tuyaunganishe na kusema *shaibu shababi*, yaani mtu ambaye kichwa chake kimekuwa cheupe ilhali uso, mabega na macho yake yangali yana ujana. Maneno hayo yanafanana kwa sauti, yanapingana kwa maana, na mtu akiyasikia mara moja hayasahau. Wahenga nao walikwisha kuligusa wazo hili waliposema kwamba ng'ombe hazeeki maini, na msemo huo haukuwahi kuuliza ng'ombe huyo ana bei gani mnadani.

Kuhusu mubaba sina ugomvi nalo. Kila mji una haki ya kutania kwa namna yake.

Msaka Maneno anaandika tena:

Shaibu shababi limenifurahisha mno, na nitaanza kulitumia leo hii. Ninamshukuru pia Mwalimu kwa kunionyesha kwamba swali langu lina uzito ambao sikuwa nimeupima. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaume wenyewe wa umri huo, kwa sababu mpaka sasa tunawapa majina bila kuwauliza.

Baba wa Mvi Chache anajibu:

Nina miaka hamsini na mitatu, kwa hiyo nitajibu kama mhusika. Mimi sichukizwi na utani, na ninaamini wenzangu wengi hawachukizwi. Kijana anaponiita *mzee baba* kwa uchangamfu ninajua ananipa heshima na ukaribu kwa pamoja, na vivyo hivyo mtu akisema fulani ni *baba lao*, anakusudia kwamba amewazidi wote katika jambo lake. Tazameni jinsi neno baba linavyoweza kubeba sifa bila kugusa mali hata kidogo. Kinachoniumiza ni sponsa, tena likisemwa mbele ya mke wangu au binti zangu, kwa sababu linanituhumu jambo zito kwa kosa la kuvaa vizuri tu. Mwanamume wa makamo akinyoa ndevu kwa mpangilio na kununua viatu vipya, watu wanaanza kuuliza anamtafuta nani, kana kwamba kujipenda kuna mwisho wa matumizi.

Wanawake wa rika langu wanabeba mzigo huo huo, na pengine mzito zaidi. Wao wanaitwa shugamami na jimama, na kijana anayeonekana nao anaitwa marioo au kibenteni, na hapo tena hesabu ni nani anamlipia nani. Tukilibuni jina la mwanamume, nao wapatiwe la kwao, maana ajuza halitawafaa hata likiunganishwa na nini.

Shaibu shababi ninalikubali. Sharti langu ni kwamba lisemwe na watu wazima kwa watu wazima, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mhusika na si nyuma yake. Mke wangu amelisoma hapa akiwa ameketi kando yangu na ameshaanza kuniita hivyo.