AP Jiografia ya Binadamu au AP Kemia: ipi ianze, au zote mwaka mmoja?

Mzazi_Ohio
Wakuu, naomba ulinganisho. Mwanafunzi anamaliza darasa la 10 hapa Marekani. Kapita Aljebra ya 1 na jiometri, kemia ya kawaida hajaigusa. Mshauri wa shule ameweka mezani njia tatu za mwaka ujao (AP ni kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari, zenye mtihani mwishoni): AP Jiografia ya Binadamu, AP Kemia moja kwa moja, au zote mbili. Anataka uuguzi au afya ya jamii. Nasikia jiografia ni mteremko. Kweli?

Bureti
Ndugu, AP Kemia moja kwa moja ifute. College Board, wenye mitihani ya AP, wenyewe wanapendekeza mwanafunzi awe amesoma kemia ya sekondari na Aljebra ya 2 kwanza, na wana sababu. Kozi ina vitengo 9. Kimoja tu, cha sifa za dutu na michanganyiko, kinabeba asilimia 18 hadi 22 ya maswali ya kuchagua. Asidi na besi asilimia 11 hadi 15. Kwenye pH (kipimo cha uasidi) utakuta logi, yaani logariti, kila mstari. Asiyejua logi atadhani kemia imemshinda, kumbe ni hesabu. Kuna maabara pia: robo ya muda wa darasa, majaribio yasiyopungua 16.

Mpango wangu: darasa la 11 kemia ya kawaida, Aljebra ya 2 na AP Jiografia. AP Kemia darasa la 12.

Ramani_na_Watu
Mpango wa Bureti naukubali, ila hilo la mteremko hapana. Mwaka 2024 waliopata 3 na kuendelea (alama ni 1 hadi 5) kwenye Jiografia ya Binadamu walikuwa asilimia 56 hivi. Kwenye Kemia ni kama 75. Msikimbilie kusema kemia ni rahisi zaidi. Jiografia hufanywa na watoto wengi wa darasa la 9 ambao hawajawahi kuuona mtihani wa AP. Kemia inafikiwa na waliokwisha kuchujwa.

Mtihani wenyewe: maswali 60 ya kuchagua kwa dakika 60, kisha maswali 3 ya kuandika kwa dakika 75. Kila sehemu ni nusu ya alama. Kila swali la kuandika lina vipengele A hadi G, pointi moja moja, jumla 7. Hakuna insha hapo. Utangulizi na hitimisho havina pointi, vinakula dakika tu. Andika herufi, jibu, songa.

Wanapoanguka ni kwenye kitenzi cha swali. Swali likisema "describe", toa sifa za jambo. Likisema "explain", lazima uonyeshe kwa nini au kwa namna gani, yaani sababu ifikie matokeo. "Wanawake wanasoma zaidi, uzazi unapungua" haijafika. "Wasichana wanapokaa shuleni muda mrefu huchelewa kuolewa na huingia kwenye ajira, hivyo miaka ya kuzaa inapungua na idadi ya watoto kwa kila mwanamke inashuka" imefika.

Mwanahamisi_k
Dada/kaka Ramani, na zile modeli? Ni za kukariri?

Ramani_na_Watu
Jina na mchoro kariri, lakini pointi ziko kwenye mipaka ya modeli. Von Thünen (1826), mwenye modeli ya mashamba kuuzunguka mji, alidhani soko ni moja, ardhi ni tambarare na usafiri una gharama ileile kila upande. Swali litauliza kwa nini maziwa leo yanatoka mbali na mji. Jibu ni malori yenye jokofu: bidhaa inayoharibika haihitaji tena kukaa jirani na soko. Burgess (1925), mwenye modeli ya mji kukua kwa miduara, alichora Chicago. Ukimpeleka Kinshasa bila kueleza kwa nini haendani, umepoteza pointi.

Msongamano wa watu nao hupoteza wengi. Chukua nchi ya mfano: watu milioni 10, eneo kilomita za mraba 100,000, ardhi inayolimika 5,000. Ukigawa kwa eneo lote unapata 100 kwa kilomita ya mraba. Ukigawa kwa ardhi inayolimika unapata 2,000. Namba ya pili ndiyo inayoonyesha mzigo ulio juu ya shamba, na ndiyo sababu Misri, ambayo sehemu kubwa ni jangwa, hutajwa sana.

Watoto wa kwetu wana mtaji hapa: Kiswahili kama lugha ya mawasiliano, mipaka iliyochorwa na wakoloni, wakimbizi. Lakini wasichanganye. Aliyehama kutoka Rutshuru kwenda Goma, zote ndani ya Kongo, ni mkimbizi wa ndani. Aliyevuka kwenda Uganda ni mkimbizi. Mtahini anaitaka tofauti hiyo.

Bureti
Na kemia nayo ina mtego wa aina hiyohiyo. Maswali 60 ya kuchagua kwa dakika 90, halafu 7 ya kuandika kwa dakika 105: marefu 3 ya pointi 10, mafupi 4 ya pointi 4. Panga dakika 23 kwa refu, 9 kwa fupi. Kikokotoo kinaruhusiwa sehemu zote mbili, na jedwali la elementi na kanuni unapewa. Kwa hiyo kukariri kanuni hakukuokoi.

Mfano wa titresheni, yaani kuongeza besi kidogo kidogo ili kupima asidi. Asidi ya siki mL 25.0, besi NaOH ya 0.100 M (mole kwa lita), mole zinalingana baada ya mL 20.0. Mole za besi 0.00200, kwa hiyo asidi ni 0.0800 M, tarakimu muhimu tatu. Hapo wengi wako sawa. Kisha unaulizwa pH ilipofika mL 10.0: usikokotoe, ni nusu ya njia, pH = pKa (namba inayoonyesha nguvu ya asidi husika), karibu 4.74. Ikifika mL 20.0 wengi wanaandika 7. Siyo. Imebaki asetati, ambayo ni besi dhaifu, mole 0.00200 ndani ya mL 45.0, pH ni kama 8.7. Ndiyo maana fenolfthaleini, kiashiria kinachobadilika rangi upande wa besi, inafaa.

Halafu makosa ya maabara. Bureti, yaani bomba la kupimia NaOH, ikisuuzwa kwa maji tu, NaOH inachujuka, unatumia mL nyingi zaidi, na asidi inaonekana na ukolezi mkubwa kuliko ilivyo. Kiputo cha hewa kwenye ncha kikitoka katikati ya kazi, matokeo ni hayohayo. Flaski ikiwa na maji kidogo kabla ya kuweka asidi haidhuru, mole hazibadiliki.

Na tafadhali, ukiulizwa kwa nini elementi moja inashikilia elektroni zake kwa nguvu kuliko nyingine, "kwa sababu iko juu zaidi kwenye jedwali" si maelezo. Taja chaji ya kiini, umbali wa elektroni, nguvu ya Coulomb (mvutano kati ya chaji).

Mwanahamisi_k
Kama mtu anang'ang'ania zote mwaka mmoja, yaani darasa la 12?

Karani_wa_AP
Anaweza, ila aangalie ratiba mapema. Mwaka 2025 mitihani hii miwili iliwekwa Mei 6, asubuhi, saa ileile. Ikigongana hivyo, mratibu wa AP wa shule anaagiza mmoja ufanywe tarehe za baadaye, na sababu hiyo haina faini. Lakini aambiwe mapema, asisubiri Aprili. Kingine: jiografia yote hufanywa kwenye programu ya Bluebook, wakati kemia maswali ya kuchagua yako kwenye skrini na yale ya kuandika hujibiwa kwa mkono kwenye kijitabu. Aliyezoea kuchapa tu ajizoeze kuandika milinganyo kwa kalamu.

Mzazi_Ohio
Na ada? Na uuguzi unazipokea alama hizi?

Karani_wa_AP
Mwaka 2025 ilikuwa dola 99 kwa mtihani. Usajili hufungwa katikati ya Novemba, ukichelewa unaongezwa dola 40. Familia yenye kipato cha chini hupata punguzo, ila linaombwa kupitia shule, kwa hiyo muulize mratibu Septemba.

Kuhusu uuguzi, fungua ukurasa wa programu yenyewe, siyo wa chuo kwa jumla. Chuo kinaweza kukuhesabia kozi kama umeshaisoma kwa 4 ya kemia, halafu idara ya uuguzi ikadai kemia yenye maabara isomwe palepale. Jiografia kwa kawaida huingia upande wa sayansi ya jamii, na kwa afya ya jamii inasaidia zaidi ya alama: piramidi za idadi ya watu (michoro ya umri na jinsia) utakutana nazo tena muhula wa kwanza.